Daftari la Majibu

Hapana adui wa mtahiniwa wa kemia aliye mkubwa kuliko daftari la majibu yaliyokwisha kutengenezwa. Huazimwa, hunakiliwa usiku kwa tochi, na lifikapo swali la msawazo hugeuka mtego. Nasema kwa uchungu, maana mimi nami nililibeba.

Katika daftari langu mliandikwa kwamba msawazo ni hali ambayo mabadiliko yamekoma. Sentensi hiyo ni fupi, ni nyepesi kukariri, na ni uongo. Tazama kivuko cha Likoni: ikiwa waingiao kisiwa cha Mombasa ni sawa kwa idadi na watokao, hesabu ya watu kila upande haibadiliki, lakini nani athubutuye kusema kwamba feri imelala? Ndivyo ilivyo katika chupa iliyozibwa yenye naitrojeni dioksaidi, gesi ya kahawia, ambayo molekuli zake huungana mbili mbili kuwa gesi isiyo na rangi, kisha huachana tena. Rangi imetulia, molekuli hazikutulia. Ipashe moto chupa hiyo, kahawia hukolea. Itie katika barafu, hufifia.

Mwaka 1884 Mfaransa Henri Le Chatelier alitoa kanuni yake: msawazo ukisukumwa, huelemea upande wa kuupunguza msukumo ule. Wanafunzi huiimba kama kasuku, kisha huulizwa habari za amonia. Molekuli moja ya naitrojeni na tatu za haidrojeni huzaa mbili za amonia, na joto hutoka. Nne zimekuwa mbili, basi mgandamizo mkubwa hufaa. Na joto likizidi, amonia hurudi ilikotoka. Hapo kasuku huandika kwamba kiwanda hutumia joto la chini kabisa. Kumbe hutumia karibu digrii 450 za selsiasi, kwa kuwa katika baridi kazi hujikokota kama kobe! Akiulizwa juu ya chuma, ambacho ndicho kichocheo, hujibu kwamba huzidisha kiasi cha amonia. La, hasha! Kichocheo huharakisha safari zote mbili, ya kwenda na ya kurudi. Msawazo hufikiwa mapema, lakini ni pale pale.

Watasema wapinzani wangu kwamba muda ni mfupi na silabasi ni ndefu. Kweli ni ndefu, na ndiyo sababu haikaririki. Leo swali ni amonia. Kesho ni kromati ya manjano igeukayo rangi ya chungwa ikitiwa asidi. Aliyekariri ataiona kromati kuwa mgeni. Aliyeelewa atauliza lile lile aliloliuliza jana: kumeongezwa nini, na ni upande gani utakaokipunguza?

Juma lililopita nilimkuta mpwa wangu akinakili daftari kama lile langu. Nilimnyang'anya, nikampa karatasi tupu, nikamwambia, “Andika mlinganyo, chora mishale miwili, unieleze kila mmoja waenda wapi na kwa nini.” Alinuna. Baada ya saa nzima aliniita, akaanza kunieleza.