TUSEMEZANE UKWELI: Unamcheka Staa kwa Ugali Wake, Wa Kwako Uko Wapi?

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Nina langu la moyoni, naomba mnivumilie.

Kuna dada mmoja maarufu hapa mjini, jina tuliache, aliingia laivu akasonga ugali. Maji hayajachemka, unga kaumwaga wote kwa mkupuo, ukatoka madonge matupu. Ndani ya saa chache kila ukurasa umeiposti ile video. "Ndio maana haolewi." "Mama yake alikuwa wapi?" "Na kucha hizo angesonga nini?" Na mimi nilikuwemo humo humo. Niliweka emoji tatu za kucheka, nikamtagi na mshikaji wangu.

Haukupita muda, msanii mmoja wa kiume, naye jina tuliache, akaposti yai limeungua na kugandia kwenye kikaango. Komenti zikawaje? "Baba lao!" "Mwanaume anajituma huyu." "Mkeo atafaidi." Jamani, yai limeungua! Hakuna aliyeuliza mama yake alikuwa wapi.

Sasa nije kwangu. Wakati nacheka ugali wa watu, nilikuwa na miaka 27, naishi geto Sinza mwaka wa nne. Mtungi wangu wa gesi wa kilo 6 kazi yake ilikuwa kuchemsha maji ya kuoga. Asubuhi chai na chapati mbili kwa dada wa kona, mchana wali maharage kwa mama ntilie, usiku zege. Kwa zege na soda peke yake nilikuwa naacha elfu nne mpaka tano kila usiku. Piga hesabu ya mwezi mzima. Ugali sijui, wali sijui, na wala sikuona kama nina tatizo. Mimi mwanaume bwana, nani ataniuliza?

Aliyekuja kuniuliza ni mama.

Alitoka Tanga kuja kutibiwa presha, akafikia kwangu wiki tatu. Daktari alimwambia apunguze chumvi, apunguze mafuta, vya kukaanga aachane navyo. Usiku wa kwanza nikarudi na nilichokizoea, chipsi kuku. Mama akaangalia ule mfuko, akasema, "Ahsante baba," akala vipande vitatu akalala. Sijui kama umewahi kushukuriwa na mgonjwa kwa chakula asichokiweza. Inauma kuliko kutukanwa.

Asubuhi nikasema napika uji, kwani uji nao ni kitu? Maji yakachemka, nikamwaga unga mkavu juu yake. Madonge! Yani kile kile nilichomcheka yule dada. Mama akawa anayasogeza pembeni kwa kijiko, anakunywa majimaji. Akimaliza akaniuliza kwa upole tu, "Baba, wewe huwa unakula nini siku zote?"

Sikuwa na jibu.

Kuanzia siku hiyo shule ikafunguliwa. Mama kakaa kwenye stuli mlangoni, anatoa amri, mimi natenda. Uji: unga unaukoroga kwanza na maji baridi, ndio unamimina kwenye maji ya moto huku unakoroga. Basi! Siri yote hiyo. Miaka 27 hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza.

Ugali nao unaanza kama uji. Unauacha uchemke vizuri, ndio unaongeza unga kidogo kidogo huku unasonga, unageuza na kukandamiza kwa mwiko, mpaka unaacha kugandia kwenye sufuria na harufu ya unga mbichi imeisha. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule dada. Kosa lake lilikuwa la kuelekezwa dakika tano, sisi tukamfungulia kesi ya malezi na ndoa.

Wali ndio ulinitesa. Wa kwanza bokoboko, wa pili umeungua chini na mbichi juu. Mama akanifundisha kuanza na vikombe viwili vya mchele kwa vitatu na nusu vya maji, halafu niusome mchele wangu, maana mchele mpya hautaki maji mengi. Na akanikataza kufunua funua. Maji yakikauka, unashusha moto mpaka mwisho, unafunika, unaondoka pale. Wa tatu ukatoka unachambuka, na kaukoko kembamba chini. Wadau, nilipiga picha kama nimepata mtoto.

Maharage yanalowekwa usiku, asubuhi unamwaga yale maji, unaweka mapya na kuyachemsha kwa moto mkali kwanza. Usiyale hayajaiva ukidhani unaokoa gesi, hasa yale mekundu. Yakiwa mabichi yana sumu ya asili inayovuruga tumbo, na kutapika juu.

Halafu chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Na hiyo ni ya siku nzima, vyakula vyote! Mimi kijiko hicho nilikuwa nakimaliza kwenye zege moja. Kwa mboga ya mama tukawa tunatumia ndimu na kitunguu saumu, chumvi tunabana. Siku nne za mwanzo niliona haina ladha, baadaye ulimi ukazoea.

Sasa maoni yangu ni haya. Kupika hakuna anayezaliwa nako. Huyo unayemsifia mkono wake, kuna mtu alimvumilia alipounguza. Tukimcheka mtu mzima anayeanza, hajifunzi haraka, anajificha. Wapo wengi mjini hapa wana vikaango vya bei mbaya havijaguswa, wanaona aibu kumuuliza hata jirani chumba cha pili wali unawekwa maji kiasi gani.

Na hii habari ya "jifunze upate mume" tuiache. Mimi sikujifunza ili nioe. Nilijifunza kwa sababu alikuja kwangu mtu anayenitegemea, nikamkuta sina cha kumpa. Itakufika na wewe, dada au kaka. Mgonjwa hatakuuliza jinsia.

Najua kuna atakayesema muda hana, anatoka kazini saa moja, foleni mpaka saa tatu. Sawa, sijasema upike kila siku. Na mama ntilie simsemi vibaya, mchana bado nakula kwake. Nasema ujue walau vitu vitatu: uji, kitu kimoja cha kushibisha, na mboga moja. Anza na kimoja Jumapili hii, ukiharibu rudia Jumapili ijayo. Na ukimuona mwenzako kaharibu, muelekeze pale alipokosea, hata kama ni staa.

Mama amesharudi Tanga. Kila usiku akipiga simu, swali la kwanza, "Baba, leo umekula nini?" Siku hizi nina jibu. Jana ilikuwa mchicha na ugali, ugali ulikuwa laini kidogo, nikamwambia ukweli, akacheka mpaka akakohoa.

Juzi nikarudi kwenye ukurasa wa yule dada nikafute zile emoji zangu. Video haipo, alishaifuta. Nikashuka chini kuangalia kama aliwahi kupika tena. Hola. Ni nguo, manukato na migahawa tu.

Dada, kama unasoma hapa, samahani. Maji yachemke kwanza.

Haya wadau, chakula chako cha kwanza kupika mwenyewe kilitokaje? Tupia hapo chini bila aibu. Atakayekuja kumcheka mwenzake, komenti yake naifuta.