Tamko la Somaliland: Tusiandike Bila Las Anod

Kwenye kundi letu la vijana mjadala umewaka tangu Israel ilipoitambua Somaliland, Desemba 2025. Kamanda mmoja amependekeza na sisi tutoe tamko la kuunga mkono Somaliland itambuliwe kama nchi. Hoja yake ni fupi na tamu: kule wapinzani wanashinda uchaguzi na wanakabidhiwa madaraka. Vidole gumba vikamiminika. Mimi nikaandika neno moja tu: "Las Anod?" Akanijibu: "Dada, hicho nacho ni kimji gani tena?"

Jibu langu ni makala hii. Ningeandika kule kwenye kundi ningeambiwa naandika gazeti.

Kwanza nikiri. Na mimi naipenda hadithi ya Hargeisa. Mwaka 1988 ndege za serikali ya Siad Barre ziliushambulia mji huo kwa mabomu, na watu wa ukoo wa Isaaq wakauawa kwa maelfu. Waliponusurika, Mei 1991 wakasema basi, tunarudi kwenye mipaka yetu ya mwaka 1960. Wakajenga serikali bila msaada mkubwa wa mtu. Novemba 2024 mgombea wa upinzani, Abdirahman Irro wa chama cha Waddani, alimshinda rais aliyekuwa madarakani, Muse Bihi. Bihi akakubali matokeo akaondoka. Sisi ambao kila uchaguzi tunalala na fomu za matokeo chini ya mto tunajua uzito wa jambo hilo.

Lakini siku ile ya kupiga kura, Las Anod hakukuwa na sanduku hata moja. Na huko ndiko demokrasia ya Hargeisa inakopimwa.

Las Anod ni makao makuu ya mkoa wa Sool, mashariki mwa eneo ambalo Somaliland inadai ni lake. Wakazi wake wengi ni wa ukoo wa Dhulbahante. Kaskazini, upande wa Sanaag mashariki, wapo Warsangeli. Koo hizi mbili ni za Harti, sawa na Majeerteen wa Puntland, na ndiyo maana Puntland ilipoundwa mwaka 1998 nayo ilisema Sool na Sanaag ni zake. Hapo katikati wananchi wamekuwa kama mpira. Oktoba 2007 jeshi la Somaliland likauchukua mji kutoka kwa Puntland.

Sasa, Somaliland inadai eneo hilo kwa msingi gani? Mpaka wa mkoloni. Kati ya 1884 na 1886 Waingereza walisaini mikataba ya ulinzi na koo kadhaa za pwani ile. Dhulbahante hawakusaini. Mwaka 1894 Waingereza na Waitaliano wakachora mstari, Dhulbahante wakajikuta upande wa Mwingereza bila hata kuulizwa. Wengi wao wakaingia kwenye mapambano ya Madervishi wa Sayyid Mohammed Abdullah Hassan. Ngome kuu ya mapambano hayo, Taleh, iko hukohuko Sool, na Waingereza waliipiga kwa ndege mwaka 1920. Yani leo mjukuu wa Dervishi anaambiwa: wewe ni wetu kwa sababu Mwingereza alisema hivyo.

Mwishoni mwa Desemba 2022 mwanasiasa mmoja wa upinzani aliuawa kwa risasi Las Anod. Hakuwa wa kwanza, mauaji ya namna hiyo yalikuwa yameendelea pale kwa miaka. Vijana wakaingia barabarani. Vijana kama sisi, wakidai ulinzi na majibu. Vikosi vya usalama vikawafyatulia risasi. Tarehe 6 Februari 2023 wazee wa Dhulbahante walitangaza kwamba wanataka kuwa chini ya serikali ya shirikisho ya Somalia, kwa jina la SSC-Khaatumo, na siku hiyohiyo vita vikaanza. Kabla Februari haijaisha Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu zaidi ya 185,000 walikuwa wameyakimbia makazi yao, wengi wao wanawake na watoto. Makumi elfu walivuka kuingia Ethiopia. Amnesty International iliripoti Aprili 2023 kwamba watu zaidi ya 100 walikuwa wameuawa, na kwamba makombora yaliangukia hadi shule, misikiti na hospitali. Jeshi la Somaliland lilifurushwa kwenye kambi zake za karibu na mji Agosti 2023.

Haya yalifanywa na serikali tunayotaka kuiandikia tamko la pongezi.

Kamanda wangu atasema: "Lakini sheria ya Afrika inasema mipaka ya ukoloni isiguswe." Kweli kabisa. Azimio la Cairo la Julai 1964, na Mwalimu Nyerere ndiye aliyelipeleka mezani. Ila Somaliland inalitumia azimio hilo mara mbili kwa namna mbili. Kwa Mogadishu inasema: muungano wa 1960 ulivunjika kwa sababu watu wetu hawaridhii, ridhaa ya watu ndiyo kila kitu. Kwa Las Anod inasema: ridhaa yenu haihusu, mstari ndio kila kitu. Chagua moja, ndugu. Kama ridhaa ya watu ina uzito Hargeisa, haiwezi kuishiwa uzito ukiendesha gari kuelekea mashariki.

Na Mwalimu yuleyule wa Cairo, Aprili 1968 aliitambua Biafra. Hakuwa amesahau azimio lake. Alisema kwa vitendo kwamba mipaka iliwekwa iwalinde watu, na dola likishawageuka watu wake huwezi kuwazuia kwa kuwaonyesha ramani. Hata hivyo Biafra nayo ilikuwa na Waefiki, Waibibio na Waijaw ndani yake, ambao wengi wao hawakuwahi kuulizwa kama wanataka kwenda. Ni swali lilelile la Las Anod, limehama tu mahali.

Hofu nyingine ni hii: je, kila ukoo upewe nchi? Hapana. Kesi ya Katanga dhidi ya Zaire, iliyoamuliwa na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mwaka 1995, inatusaidia. Tume ilisema watu wanaweza kujiamulia mambo yao kwa njia nyingi: uhuru kamili, shirikisho, serikali ya mitaa yenye nguvu, na nyinginezo. Haikulazimisha nchi ivunjwe. Lakini iliacha mlango kwa pale ambapo kuna ushahidi wa ukiukwaji mkubwa wa haki na watu wananyimwa nafasi ya kushiriki kwenye serikali. Na Dhulbahante hawaombi kiti kipya Umoja wa Mataifa. Wanataka kubaki Somalia. Anayetaka kuondoka ni mwenzao.

Sasa tusije tukahamia upande wa pili kama mashabiki wa Simba na Yanga. Serikali ya Somalia iliitambua SSC-Khaatumo Oktoba 2023, na Julai 2025 kongamano la Las Anod likaunda jimbo jipya la Kaskazini Mashariki. Agosti likapata rais, Abdikadir Firdhiye. Nani alimchagua? Bunge lililotokana na mgawanyo wa koo. Mama muuza maziwa wa Las Anod hakupiga kura. Jimbo hilo linadai pia Sanaag, ambako wanaishi Isaaq wengi ambao moyo wao uko Hargeisa. Je, na wao wataambiwa ramani ndiyo kila kitu? Kama jibu ni ndiyo, basi kilichobadilika ni mshika bunduki tu. Mogadishu nayo isijifanye mtakatifu. Inafaidika sana kuwa na Las Anod kama fimbo ya kuichapia Hargeisa.

Na dada zangu, angalieni hili. Uchaguzi wa wabunge wa Somaliland mwaka 2021 ulikuwa na viti 82. Wanawake walioshinda: sifuri. Kwenye siasa ya koo, iwe Hargeisa au Las Anod, anayeongea ni mzee wa ukoo. Anayebeba watoto kukimbia makombora ni mwanamke.

Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Machi 2024, kwa hiyo haya si mambo ya mbali. Tukitoa tamko, na mimi nataka tulitoe, liseme mambo matatu. Moja, mateso ya 1988 ni ya kweli na madai ya Somaliland yanastahili meza ya mazungumzo. Mbili, hakuna utambuzi wowote unaoweza kuwafunga watu wa Sool, Sanaag na Cayn bila wao kuulizwa, kwa kura ya mtu mmojammoja, wanawake wakiwemo. Tatu, waliowapiga risasi waandamanaji wa Las Anod na waliorusha makombora hospitalini wachunguzwe na wafikishwe mahakamani.

Sisi tunadai Katiba mpya kwa hoja moja: wananchi waulizwe kwanza. Hatuwezi kuidai hapa nyumbani halafu tukaifuta kwenye tamko kwa sababu tu aliyeshinda kule ni mpinzani mwenzetu. Mpinzani akishika dola anakuwa serikali, na serikali hupimwa kwa namna inavyomtendea anayeikataa.

Kamanda, rasimu ya tamko naisubiri. Hicho kimji nimeshakutajia.