Jikedume Si Jina la Barbra Banda

Tarehe 23 Novemba 2024 fainali ya ligi ya wanawake ya Marekani, NWSL, ilichezwa Kansas City. Orlando Pride waliwafunga Washington Spirit bao moja kwa bila. Bao lenyewe lilifungwa dakika ya 37 na Barbra Banda wa Zambia, naye akachaguliwa mchezaji bora wa mechi. Siku tatu baadaye BBC ikamtangaza kuwa mwanasoka bora wa kike wa mwaka. Ulikuwa msimu wake wa kwanza katika ligi hiyo. Ungetegemea pongezi tu. Lakini maoni mengi mitandaoni yaliuliza swali moja: huyu ni mwanamke kweli? Wengine waliuliza kwa Kiingereza. Wengine waliuliza kwa Kiswahili, na ndio ninaotaka kuzungumza nao hapa, kwa sababu baadhi yao ni sisi.

Kwanza tumfahamu tunayemjadili. Banda alizaliwa Lusaka mwaka 2000. Amewahi kupanda ulingoni kama bondia. Mwaka 2018 alikwenda Hispania kuchezea Logroño, kisha akahamia Shanghai, China, ambako mwaka 2020 alifunga mabao 18 katika mechi 13 za ligi. Kwenye Olimpiki ya Tokyo alifunga mabao matatu dhidi ya Uholanzi, na mechi iliyofuata akafunga mengine matatu dhidi ya China. Hakuna mwanamke aliyewahi kufunga matatu katika mechi mbili mfululizo za Olimpiki kabla yake. Kwenye Kombe la Dunia la 2023 penalti yake dhidi ya Costa Rica ilikuwa bao la 1,000 katika historia ya kombe hilo kwa wanawake. Mwaka 2024 Orlando walilipa takriban dola 740,000 kumpata, na wakati huo ni mchezaji mmoja tu wa kike duniani aliyekuwa amenunuliwa kwa fedha nyingi zaidi. Mchezaji huyo ni Mzambia mwenzake, Racheal Kundananji.

Sasa tuje kwenye tuhuma. Mwaka 2022 Banda hakucheza Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake lililofanyika Morocco. Rais wa shirikisho la soka la Zambia alieleza kwamba vipimo vya jinsia vilikuwa sharti la CAF na kwamba Banda hakutimiza vigezo. Habari hiyo ilienea dunia nzima. Binti wa miaka 22 aliamka siku moja akakuta watu asiowajua wanajadili homoni zake kama wanavyojadili bei ya mafuta.

Tazama mfululizo wa miaka. 2021 alicheza Olimpiki ya Tokyo. 2022 akakosa Kombe la Afrika. 2023 akacheza Kombe la Dunia la FIFA. 2024 akacheza Olimpiki ya Paris. Mwaka 2025 Kombe la Afrika lilirudi Morocco kulekule, Banda akavaa jezi ya Zambia na kufunga dhidi ya wenyeji katika dakika ya kwanza ya mechi. Mtu ni yuleyule na mchezo ni uleule. Kilichobadilika ni meza ya waamuzi wa makaratasi. Anayesema jambo hili liko wazi, basi atueleze Banda alikuwa mwanamke mwaka gani na mwaka gani hakuwa.

Kuna hoja ambayo siwezi kuipuuza. Wanawake walipigania miaka mingi wapate mashindano yao, na mashindano hayo yanahitaji mipaka, la sivyo hayana maana. Nakubali. Mimi pia nataka msichana anayefanya mazoezi kila siku ajue anashindana kwa haki. Lakini haki hiyo inahitaji kanuni moja, inayojulikana kabla ya mashindano, inayosimamiwa na wataalamu, na faili la daktari libaki kwa daktari. Haiwezi kusimamiwa na mtu aliyeshika simu, anayetazama upana wa mabega na ufupi wa nywele kisha anatoa hukumu. Mwezi Machi 2025 mtazamaji mmoja alimtolea Banda maneno ya matusi kwenye mechi dhidi ya Gotham huko New Jersey, mpaka klabu na ligi zikatoa kauli za kulaani. Mtazamaji yule hakuwa akilinda soka la wanawake. Alikuwa akimtukana mwanamke anayecheza soka.

Tena, kama mwili wa Banda ungekuwa na ule uwezo wa ajabu unaosemwa, Zambia ingekuwa bingwa wa dunia. Alipowafunga Uholanzi mabao matatu, Uholanzi walifunga kumi. Alipowafunga Australia matatu kwenye Olimpiki ya Paris, Zambia walilala 6 kwa 5. Japani waliwafunga tano bila, Hispania vilevile, na mwaka 2025 Nigeria pia. Katika NWSL ya 2024 Banda alifunga mabao 13 katika msimu wa kawaida. Temwa Chawinga wa Malawi alifunga 20. Mabeki wanamzuia Banda kila wiki. Ni mchezaji hodari sana, na ana siku zake mbaya kama wachezaji wengine.

Nirudi kwenye Kiswahili, maana hapa ndipo tunapohusika. Wanafunzi wanaoanza lugha hii hushangaa kwamba tukisema "amefunga" hatusemi kama ni mwanamume au mwanamke. Ngeli ya A-WA inatupokea sote bila kutupekua. Walimu wetu hujivunia jambo hilo darasani, na mimi pia. Lakini lugha hiyohiyo ina neno "jikedume", na neno hilo nimelisoma mara nyingi chini ya picha za Banda. Lugha haikutulazimisha kuuliza. Tumeuliza wenyewe.

Neno hilo huwa na mtangulizi wake, na mtangulizi huyo hujifanya sifa: "Anacheza kama mwanaume." Tunalisema kwa nia njema msichana akipiga shuti kali. Maana yake ni kwamba shuti kali ni mali ya wanaume na yeye ameliazima. Akiendelea kupiga mashuti hayo, akawa bora kuliko wote, sifa inageuka tuhuma, na mwenye kuazima anaitwa mwizi. Tabitha Chawinga, dada yake Temwa, ambaye baadaye aliongoza kwa mabao katika ligi za Italia na Ufaransa, ameeleza hadharani kwamba alipokuwa msichana mdogo akicheza nyumbani Malawi, wapinzani walimvua nguo uwanjani ili wahakikishe. Ndiko maneno haya yanakofika yakiachwa yatembee.

Wala jambo hili haliko mbali na nchi za Kiswahili. Katika mbio za mita 800 za Olimpiki ya Rio 2016, Francine Niyonsaba wa Burundi alipata fedha na Margaret Wambui wa Kenya alipata shaba. Kanuni za homoni zilizoanza kutumika 2019 ziliwafungia wote wawili mbio hizo. Niyonsaba alihamia mbio ndefu zaidi na mwaka 2021 akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000. Dada zetu hawa nao waliitwa hilo neno, na walioliandika kwa Kiswahili hawakuwa Wazungu.

Ombi langu kwa wanachama ni dogo. Tunapotazama mechi pamoja, na tunapoandika kwenye kundi letu la WhatsApp, tumhukumu mshambuliaji kwa anachofanya na mpira. Banda akikosa bao la wazi, tumzomee. Akicheza ovyo, tuseme kacheza ovyo, maana hiyo ndiyo heshima anayopewa mshambuliaji yeyote. Na walimu wetu wanapotufundisha ngeli ya A-WA, watufundishe pia neno "jikedume", watuambie limemuumiza nani, kisha watuachie tuamue kama bado tunalihitaji.