Tunalipia spea, hatulipii kupima

Leo naweka kompyuta kando kidogo nizungumzie mashine ya welding. Vumilieni, kwenye programu tutarudi.

Ami yangu ana karakana ndogo Likoni. Riziki yake ni mageti na madirisha, pamoja na kazi za kumfuata mteja kule ambako stima haijafika. Kwa kazi hizo ana mashine kuukuu inayozungushwa na injini ya petroli. Juzi ikakataa kuwaka. Fundi akaitazama dakika tano tu, akasema mfumo wote wa kuwashia umekufa, uwekwe wa elektroniki. Kwa bei aliyotaja, ami akaanza kufikiria kuiuza mashine kwa wanunuzi wa chuma chakavu!

Mimi si fundi wa injini, nilisomea kompyuta. Lakini kutafuta hitilafu ndiyo kazi yangu ya kila siku, nikamwomba ami anipe Jumapili moja.

Mfumo wenyewe si wa ajabu. Umeme wa betri hupita kwenye koili, ukifunguliwa na kufungwa na pointi. Pointi zikiachana, umeme hukatika ghafla, na koili hutoa volti maelfu zinazoruka kwenye plagi kama cheche. Kondensa huzuia cheche zisiruke kwenye pointi na kuziunguza. Charles Kettering wa Marekani aliuleta mfumo wa aina hii kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1910.

Tukaanza na rahisi. Tuliegemeza plagi kwenye chuma cha injini kwa koleo la mpini wa mpira, mbali na petroli. Hakuna cheche. Waya mkuu wa koili, hakuna. Taa ya kupimia ikaonyesha umeme unafika kwenye koili. Basi tukafungua distribyuta: kumbe pointi zimeota ukoko kwa hewa ya chumvi na kukaa bila kazi, tena zimechimbika, dalili ya kondensa mbovu. Tukapitisha msasa laini, tukafuta, tukaweka nafasi ya milimita 0.5 kama kitabu cha injini kinavyosema, na kondensa ya gari kuukuu yenye kiwango kilekile. Ikawaka!

Sasa mtasema fundi yule ni mwizi. Mimi nasema hapana. Angepima saa tatu kisha aseme "ni kondensa", angelipwa nini? Bei ya kondensa na asante. Ami mwenyewe alikiri. Tunalipia kinachoshikika, na fundi akishajua hivyo atauza kikubwa zaidi.

Kwetu ni vilevile. Mteja hukataa kulipia siku mbili za kutafuta kosa, lakini mfumo mpya ataulipia, nao utakuja na makosa yake mapya.

Sisemi elektroniki ni mbaya. Haina pointi za kuchakaa. Ila ikifa kazini, msasa hautaifufua.

Rai yangu: kabla fundi hajashika spana, elewaneni ada ya kupima, ailipwe hata kama dawa ni msasa tu. Hapo hatakuwa na sababu ya kukuuzia usichohitaji.

Na mimi je? Nililipwa samaki wa kupaka. Ada nimeipokea, sidai.