Tukipanda Miti Tunapiga Picha, Tukikata Nani Anahesabu?

Kama ulilala bweni la shule yoyote Kisii ama Nyamira, githeri uliyokula ilipikwa kwa kuni. Chai nayo? Viwanda vyetu, kuanzia Kebirigo hadi Ogembo, vinategemea kuni kwenye boila za kukaushia majani. Na zile nguzo zinazoshikilia slabu za mijengo mipya hapa Kisii mjini ni mikaratusi, blugamu kama tunavyoiita nyumbani.

Kwa hivyo usiniambie tusikate miti. Tutakata tu. Swali langu ni nani amepanga tukate wapi, lini na kiasi gani.

Serikali inataka miti bilioni 15 ipandwe kufikia 2032, na kila msimu wa mvua utaona waheshimiwa na gambuti mpya wakipigwa picha na miche. Sawa. Lakini ni lini uliona kiongozi akipigwa picha akisoma mpango wa uvunaji? Haitrendi.

Marufuku nayo tulijaribu. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma kwa siku 90. Ikaongezwa, ikaongezwa tena, hadi Julai 2023 Rais Ruto alipotangaza kuiondoa. Miaka mitano na zaidi! Hapo katikati unajua shule iliyoacha kupika? Lori za kuni zilienda kutafuta kwingine, kwenye mashamba ya watu. Marufuku bila mpango inahamisha shoka tu.

Na hesabu yenyewe si ngumu vile. Chukua blugamu ya kuni inayokomaa kwa miaka 8. Gawanya shamba la miti vipande 8, kata kimoja kila mwaka. Mwaka wa 9 unarudi pale ulipoanza na visiki vimeshachipua, vimekomaa tena. Ukikata viwili kwa mwaka kwa sababu bei ni nzuri, miaka minne tu umebaki na visiki na deni. Hii ni hesabu ya mama mboga, haihitaji digrii (mimi sina, na nimeielewa).

Huku kwetu ina uzito zaidi kwa sababu ardhi imegawanywa hadi imebaki vipande vidogo, na misitu ya umma ni michache: vilima kadhaa, na msitu kama Nyangweta kule Mugirango Kusini. Misitu ya asili iachwe ishike maji. Tuanze na blugamu za mabondeni, ambazo tangu 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza zing'olewe kando ya mito. Nyingi bado ziko, zinakunywa tu.

Kitu ambacho vijana wengi hatujui ni kwamba Sheria ya Misitu ya 2016 inataka kila msitu wa umma uwe na mpango wa usimamizi. Pia inaruhusu watu wanaoishi karibu kuunda chama, kukisajili na kuomba haki ya kutumia msitu, ikiwemo kuokota kuni. Vyama hivyo tumewaachia wazee, halafu tunalalamika X.

Kaunti ikiita kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti, nenda. Usiulize watapanda miche mingapi. Uliza shule na viwanda vya wadi yenu vinachoma kuni kiasi gani kwa mwaka, zinatoka wapi, na karatasi yenye hesabu hiyo iko ofisi gani.