Saa Haiusikii Moyo

Watu wengi huamini kwamba hesabu ikitoka katika chombo haina ubishi. Imani hii ni dhaifu, na udhaifu wake huonekana wazi kwa mpanda pikipiki wa mbio za nyikani afungaye saa mkononi ili imhesabie mapigo ya moyo.

Msomaji, saa hiyo haiusikii moyo. Humulika ngozi kwa nuru, aghalabu ya kijani, kisha hupima nuru irudiyo. Kila pigo huongeza damu chini ya ngozi, na damu humeza nuru. Kwa kuongezeka na kupungua huko saa hukisia mapigo. Mtu akiketi kwa utulivu, hukisia vyema. Lakini katika mbio za nyikani utulivu uko wapi? Injini hutetema, mawe hurusha magurudumu, na vidole hukaza usukani hata misuli na kano za mkono huisukuma saa. Kila mtikisiko hubadili nuru irudiyo, na saa huweza kuuhesabu mtikisiko kuwa pigo, au kulipoteza pigo ndani ya mtikisiko.

Wauzaji hujibu kwamba saa zimejaribiwa. Naam, lakini aghalabu kwa watu watembeao, wakimbiao au waendeshao baiskeli. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Wengine husema kwamba hesabu yenye kosa ni bora kuliko kukosa hesabu. Sikubali. Asiye na hesabu husikiliza pumzi, kiu na kizunguzungu chake. Mwenye hesabu ya uongo huudharau mwili akaitii saa. Na juani, chini ya kofia nzito na mavazi ya kinga, dharau hiyo yaweza kumwangusha.

Njia iliyo bora ipo. Mshipi wa kifuani hupima umeme wa moyo wenyewe, elimu iliyompatia Willem Einthoven wa Uholanzi tuzo ya Nobel mwaka 1924. Mshipi nao hukosea ukikauka au ukiteleza, lakini kifua hakishiki usukani. Asiye nao na asimame, aweke vidole viwili juu ya mshipa wa mkono, ahesabu mapigo ya sekunde 15 na kuyazidisha kwa 4. Afanye hivyo mara moja, kwa kuwa moyo uliopumzishwa hupunguza mwendo upesi.

Basi, kabla ya kuiamini tarakimu, uliza ilivyopatikana. Kuuliza si ujinga.