Mtaalamu wa mifugo ana cheti: je, cha jana kinatosha leo?

Kila tunapozungumzia mifugo hewani, swali moja hurudi kwa ujumbe wa simu: "Huyu anayemtibu ng'ombe wangu ana cheti cha chuo. Nimuulize nini zaidi?" Leo tunalijibu kwa maandishi, kwa sababu jibu lake linagusa mfuko wa mfugaji moja kwa moja.

Tuanze na sheria. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 inawapanga watoa huduma kwa ngazi. Daktari wa mifugo mwenye shahada husajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Mtaalamu msaidizi mwenye stashahada huandikishwa, na msaidizi mwenye astashahada huorodheshwa. Vijijini kwetu, tunaowaona zaidi ni hawa wa ngazi mbili za mwisho. Wengi wamepitia kampasi za Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, LITA, kama Tengeru, Mpwapwa au Buhuri.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kama anayeshika sindano anatambuliwa na Baraza. Wengi wetu tunaishia hapo, na hapo ndipo hasara huanzia. Cheti kinaeleza alichojua mtu siku aliyohitimu. Hakielezi anachojua leo.

Tuchukue mfano wa sotoka. Aliyemaliza chuo mwaka 2005 aliijua sotoka ya ng'ombe, ugonjwa ambao mwaka 2011 ulitangazwa kutokomezwa duniani kote. Lakini sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa rasmi nchini mwaka 2008, wilayani Ngorongoro, yeye akiwa ameshatoka darasani. Kama hajapata mafunzo mengine tangu hapo, mbuzi anayetokwa makamasi, mwenye vidonda mdomoni na anayeharisha, anaweza kumhesabu kuwa ana homa ya mapafu tu. Atachoma antibayotiki, atalipwa, ataondoka. Dawa hiyo haiui virusi vya sotoka. Kinga yake ni chanjo, na kila siku inayopotea, ugonjwa unahamia zizi la jirani.

Zipo pia kazi zinazohitaji mafunzo maalumu juu ya yale ya chuo. Ya kwanza ni chanjo ya ndigana kali. Chanjo hii ina vimelea hai vya ugonjwa wenyewe. Huhifadhiwa kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, na ikishayeyushwa inapaswa kutumika ndani ya saa chache. Ndama huchomwa chanjo pamoja na oksitetrasaiklini inayokaa mwilini muda mrefu, kwa kipimo kinachofuata uzito wake. Anayekisia uzito na kupunguza dawa anaweza kumpa ndama ugonjwa uleule aliokuja kuukinga.

Ya pili ni uhimilishaji. Mrija wa mbegu hutunzwa kwenye baridi kali ya naitrojeni, huyeyushwa kwa maji ya uvuguvugu yaliyopimwa, na muda wa kupandisha una kanuni: ng'ombe aliyeonekana na joto asubuhi hupandishwa jioni. Kosa moja tu na mfugaji amelipa bure, kisha anasubiri wiki tatu joto lirudi. Ndiyo maana kuna Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River mkoani Arusha, kinachofundisha kazi hiyo.

Sasa tuwe wakweli: kwa nini wataalamu wengi hawarudi darasani? Anayejitegemea kijijini hulipa nauli na ada kutoka mfukoni, na siku anazokuwa mafunzoni haingizi chochote. Akirudi, mfugaji anamlipa sawasawa na yule ambaye hajasoma kitu kwa miaka kumi. Soko likiwalipa wote sawa, anayebaki nyumbani ndiye anayepata faida.

Jirani zetu wa Kenya wanaibana kazi hii kwa leseni. Sheria yao ya mwaka 2011 inawahusu madaktari na wataalamu wasaidizi pamoja, na Bodi ya Veterinari ya Kenya hutaka pointi za mafunzo endelevu ili leseni ya mwaka ihuishwe. Ni njia moja, ingawa nayo haimwondolei mtaalamu mzigo wa gharama.

Kwa maoni yetu, mfugaji naye ana nguvu hapa. Ushirika wa maziwa au kikundi cha wafugaji kinaweza kuchangia ada ya mtaalamu wao mmoja asomee uhimilishaji, kwa makubaliano kwamba atawahudumia. Mchango huo ukigawanywa kwa kaya nyingi unaweza kuwa mdogo kuliko bei ya ndama mmoja aliyekufa.

Na kabla mkoba haujafunguliwa zizini kwako, uliza mambo matatu, kwa heshima: Unatambuliwa na Baraza kwa ngazi gani? Kazi hii ya leo umesomea wapi? Mafunzo yako ya mwisho yalikuwa lini, na yalihusu nini?

Mtaalamu aliyejiendeleza atafurahi kuulizwa, maana hapo ndipo jasho lake linapoonekana. Anayekasirika, mwache amalize maneno yake, kisha mtafute mwingine.